Rubani Asiambiwe Habari za Mgonjwa

Ajali mbaya ikitokea usiku Barabara ya Mombasa, karibu na Sultan Hamud, mtu wa Kasikeu atatamani helikopta. Ana haki. Lakini tuangalie kwanza jinsi rubani anavyofikia uamuzi wa kupaa.

Usiku wa Septemba 27, 2008, jimboni Maryland, Marekani, helikopta ya polisi iliitwa kuchukua wasichana wawili walioumia katika ajali ya gari. Rubani aliitilia shaka hali ya hewa. Kisha akasikia kwamba helikopta nyingine imetoka kuruka eneo hilohilo, akakubali. Njiani mawingu yakashuka. Akageukia kambi ya anga ya Andrews, akayakosa mawimbi ya redio ya kumwongoza kutua, akashuka kwa kasi kutafuta ardhi kwa macho. Aligonga miti. Watu 4 walikufa; msichana mmoja akaokoka.

Wachunguzi walilaumu ule mshuko wa kasi, na pia udhaifu wa kupima hatari. Mimi naliogopa zaidi lile wazo la “mwenzangu amepita”. Wingu halimngoji mtu. Na gizani, rubani asipoona mstari wa ardhi na mbingu, majimaji ya sikio la ndani humdanganya: anahisi yuko sawa kumbe helikopta imelalia upande.

Hapa kwetu Makueni, upande wa vilima vya Kilungu, taa ni chache, na Julai ukungu huvifunika. Hapo makosa hayasameheki.

Dawa ipo, na wanaofanya kazi hii vizuri wanaitumia. Ombi likifika, rubani huambiwa mahali, umbali na hali ya hewa tu. Hajui kama anayengoja ni mtoto au mama mjamzito, maana huruma ikiingia mapema hupunguza hesabu ya hatari. Rubani hujumlisha alama za hatari za giza, ukungu, milima na uchovu wake. Zikizidi kiwango, hawezi kuamua peke yake. Na muuguzi anayeruka naye akisema hapana, safari imekwisha, bila kuulizwa sababu. Mwaka 2014 Marekani iliufanya upimaji huo wa hatari kabla ya kuruka kuwa sharti la kisheria kwa helikopta za wagonjwa.

Viongozi wa Makueni, siku mtakayojadili mkataba wa helikopta, ulizeni nani ana ruhusa ya kukataa safari. Na ambulensi ya barabarani iondoke palepale simu inapopigwa, isingoje jibu la rubani.