Mikono ya Kiwanuka

Tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, Mathias Kiwanuka wa New York Giants, timu ya futiboli ya Kimarekani, alimkamata kwotabeki (mrushaji mpira) wa Tennessee Titans, Vince Young, akamzungushia mikono, kisha akamwachilia. Mchezo ulikuwa unaelekea ukingoni. Titans walikuwa kwenye jaribio lao la nne, la mwisho, na walihitaji yadi kumi. Lau angemwangusha pale pale, mpira ungehamia kwa Giants. Kiwanuka alidhani mpira umekwisha kurushwa, kumbe Young bado alikuwa nao. Akachomoka, akakimbia, akazipata yadi zake. Giants, waliokuwa wakiongoza 21–0, wakafungwa 24–21.

Wengi huitazama picha ya tukio lile kama aibu. Mimi huiona kuwa ushahidi wa ufundi. Katika futiboli ya Kimarekani, ukimvaa kwotabeki wakati mpira umeshamtoka mkononi, timu yako huadhibiwa yadi 15 na wapinzani huanza majaribio upya. Kwa hiyo beki anayekuja mbio na mwili wa kilo 120 anatakiwa atambue, kufumba na kufumbua, kama aliyemkumbatia ana mpira au hana. Macho ya Kiwanuka yalimdanganya siku ile. Mikono yake ilitii sheria wakati damu inachemka, naye alikuwa kijana wa miaka 23 katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa. Kujizuia namna hiyo ni kugumu kuliko kumwangusha mtu.

Itazameni kazi yenyewe kwa karibu. Beki wa pembeni huinama mwisho wa safu, vidole vya mkono mmoja vikigusa nyasi. Jicho lake liko kwenye mpira, maana unapotikisika tu ndipo anapoondoka. Mbele yake yupo jitu la zaidi ya kilo 130 ambalo halina kazi nyingine ila kumzuia yeye. Hatua ya kwanza ikichelewa, basi tena. Inambidi aipangue mikono ya yule jamaa kabla haijamfika kifuani, ashushe bega, apite kwa nje huku mwili umelala upande, halafu akate kona amwendee kwotabeki. Muda alionao ni kama sekunde tatu. Mara nyingi hafiki, na kwotabeki hurusha mpira kwa raha zake. Hapo beki huinuka, hurudi kwenye mstari, huinama tena. Akifika na kumwangusha huandikiwa moja; wakifika wawili kwa pamoja kila mmoja huandikiwa nusu. Kiwanuka alimaliza maisha yake ya uchezaji na 38 na nusu. Hiyo nusu naipenda sana, kwa sababu ndani yake yumo mwenzake.

Hapa Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, habari hii haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kushika demani, kamba ya tanga. Kusi ikiingia mkondoni kutoka bahari kuu, mshika demani huikaza kamba mpaka viganja vinawaka moto. Upepo ukizidi, huilegeza. Akishupaa nayo, mashua itapinduka. Akiilegeza kwa woga, wanaoshindana naye watampita wakimwimbia. Wanaotazama kutoka ufukweni humsifu nahodha, na tanga, na hata fundi aliyeiunda mashua. Kamba iliyolegezwa kwa wakati wake hupita bila kutajwa, ingawa nahodha anajua vyema nani kamvusha.

Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, lakini jina lake ni la Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, aliongoza chama cha Democratic Party, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1962, na baadaye Jaji Mkuu wa kwanza aliyekuwa mwananchi. Katika utawala wa Idi Amin aliamuru Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiliwe. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walimtoa ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, wakaenda naye, wakamuua. Sisemi kwamba mjukuu alirithi tabia ya babu. Lakini siwezi kumtazama kijana huyu akijizuia kwa kuheshimu sheria nikasahau ukoo wake uliigharimia nini.

Giants walimchukua kutoka Boston College mwaka 2006, akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata wakambadilishia kazi: asiiname tena, asimame nyuma ya safu, asome mchezo, akimbie na wapokeaji. Alikuwa angali anajifunza alipovunjika mguu Novemba 2007. Februari 2008, katika Super Bowl, fainali ya ligi, wenzake waliwafunga New England Patriots, ambao hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja msimu ule, na yeye hakuweza kucheza. Mwenzake wa pembeni, Osi Umenyiora, alipoumia mwaka huo, Kiwanuka akarudishwa pembeni, akawaangusha makwotabeki mara nane. Mwaka 2010 ikawa shingo. Mwaka 2011 akapelekwa tena nyuma ya safu. Februari 2012 Giants walikutana na Patriots kwa mara nyingine katika Super Bowl, wakashinda 21–17, naye akiwa uwanjani, katika mji ule ule wa Indianapolis alikozaliwa.

Mji huo ndio uliompokea Daniel Adongo mwaka 2013. Adongo, Mkenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, akaanza akiwa mtu mzima mambo ambayo wenzake waliyashika utotoni. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi ya futiboli hiyo. Akitajwa kwetu hutajwa kwa huo ukwanza wake. Mimi ningetamani tumsikie, kwa Kiswahili, akisimulia alivyofundishwa kuinama, kuusubiri mpira utikisike, na wapi pa kuiweka mikono.