Daraja, Barakoa na Mpaka: Uhakiki wa Istilahi za Ugawaji wa Anwani za Mtandao kwa Mfano wa Kasese na Bwera

Baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, istilahi za teknolojia si suala la wanaisimu peke yao tena. Makala haya yanahakiki maneno mawili yanayomjia mfasiri upesi anapoeleza ugawaji wa anwani: daraja na barakoa. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo humpotosha msanifu wa mtandao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi ya Kasese imepewa mtandao mdogo 172.16.1.0 na ya Bwera 172.16.2.0, zote kwa maski ya biti 24. Kiungo baina yao ni 192.168.5.0. Ruta zinatumia itifaki ya RIP toleo la 1, iliyosanifishwa mwaka 1988. Itifaki hiyo hutangaza anwani bila maski. Kwa hiyo kila ruta, inapotangaza kupitia kiungo cha mtandao mwingine, hufupisha anwani zake kuwa 172.16.0.0. Kasese husikia tangazo la mtandao ambao tayari imo ndani yake, na Bwera vivyo hivyo. Hakuna inayopata njia ya kufikia mtandao mdogo wa mwenzake. Waya ni mzima, lakini data haifiki.

Sasa mpe fundi mwongozo unaosema “itifaki ya madaraja”. Daraja ni cheo, na pia ni kivuko. Tena katika fani hii hii kuna kifaa kinachounganisha sehemu za mtandao ambacho jina lake la wazi kwa Kiswahili ni daraja. Tabaka nalo limekwisha kuchukuliwa na matabaka ya mawasiliano. Kundi lingefaa zaidi, ingawa nalo halitaji chanzo cha tatizo.

Barakoa ina kasoro kubwa zaidi. Baada ya UVIKO-19, msomaji huona kitambaa kinachoficha uso. Maski ya anwani haifichi chochote: huonyesha biti za mtandao zinaishia wapi na za kifaa zinaanzia wapi. Hiyo ni kazi ya mpaka, neno ambalo mchuuzi yeyote wa Mpondwe, jirani na Bwera, analijua bila kamusi. Hata hivyo, sipendekezi mpaka liwe istilahi, kwa kuwa linahitajika kwingine. Liwe neno la maelezo. Kwa jina, mkopo “maski”, usio na picha yoyote, ni afadhali kuliko neno la asili lenye picha ya uongo.

Kwa itifaki zenyewe, napendekeza majina yanayotaja tabia: itifaki isiyobeba maski na itifaki inayobeba maski. Kwa jina la kwanza, fundi hutambua mara moja kwamba kiungo sharti kitolewe ndani ya 172.16.0.0 kwa maski ile ile, tuseme 172.16.3.0, na kwamba gharama yake ni anwani 254 kwa ncha mbili, yaani 252 zinakaa bure. Kwa jina la pili, kama ilivyo RIP toleo la 2, hutambua kwamba maski ya biti 30 inatosha, yenye anwani mbili tu (mradi ufupishaji wa kiotomatiki, ambao baadhi ya vifaa huuwasha, uzimwe). Mshauri wa sera anayeandika masharti ya zabuni kwa Kiswahili anaweza basi kudai itifaki inayobeba maski kwa sentensi moja, na mzabuni asipate pa kujificha.