Mfano wa Maji na Sheria ya Ohm

Walimu wamezoea kuufundisha umeme kwa mfano wa maji: betri ni tangi lililoinuliwa juu, waya ni bomba, na ukinzani ni mahali bomba linapobanwa. Mfano huu umo katika vitabu vingi vya shule, nasi hatuudharau, kwa kuwa umewaonyesha watoto wengi jambo lisiloonekana kwa macho. Walakini yafaa tuupime, maana ukiletwa pwani yetu bila maelezo humpoteza mtoto.

Mtoto wa Bagamoyo alijua neno mkondo kabla hajaingia shule. Siku za bamvua ameyaona maji ya kupwa yakitoka kwa nguvu katika hori za mikoko, na kasi yake huzidi pale hori inapokuwa nyembamba. Basi mwalimu akimwambia ya kuwa mahali pembamba hupunguza mkondo, mtoto hukaa kimya, kwani macho yake yameshuhudia kinyume. Kosa si lake. Katika elimu ya umeme mkondo si mbio. Ni kiasi cha umeme kipitacho mahali kwa kila sekunde. Penye waya mwembamba chembe za umeme huenda mbio zaidi, kama maji ya hori. Ila kwa ajili ya kizuizi kile, kiasi kipitacho hupungua katika njia nzima, mbele ya kizuizi na nyuma yake sawasawa. Mwalimu asiyetenga mambo haya mawili amejenga juu ya mchanga.

Tena Ruvu humwaga maji yake baharini, wala hayarudi kwa njia ile ile. Umeme wa betri hutaka njia ya kwenda na ya kurudi. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, hakuna kinachomwagika, taa huzimika tu.

Lakini tunalolaumu zaidi ni kuimba kanuni. Georg Simon Ohm, naye alikuwa mwalimu wa shule huko Köln, aliitangaza sheria yake katika kitabu mwaka 1827. Wengi wa nchi yake hawakuipokea vema. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa nishani ya Copley. Yeye alipima kwanza, ndipo akaandika. Wanafunzi wetu huandika, na kupima hawapimi. Watasema upesi kwamba volteji ikigawanywa kwa ukinzani hutoa mkondo: volti 3 kwa omu 6 ni nusu ya ampea, kwa omu 12, robo. Hesabu ni sahihi. Waulize sasa kwa nini mtu mwenye mikono iliyolowa asiguse swichi, nao hunyamaza, ijapokuwa jibu limo katika hesabu ile ile. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa. Ikilowa, hasa kwa maji ya chumvi, ukinzani wa mwili waweza kushuka hata kufika karibu omu 1,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Gawanya: ni ampea 0.23, na sehemu ndogo ya hizo yatosha kuusimamisha moyo. Katika vijiji vya wavuvi, ambako watu hutoka majini wakaingia nyumbani, somo hili lisingengoja mtihani.

Neno ukinzani lenyewe twalisifu. Latokana na kukinza, na kila mzazi aliyekinzwa na mwanawe alielewa. Ni hasara kwamba mtoto aliyejifunza kwa neno hili katika shule ya msingi huliacha mlangoni mwa sekondari, akaanza upya kwa Kiingereza.

Neno moja bado, nalo vitabu hulipitia mbio: sheria hii hushika iwapo joto la waya halibadiliki. Chukua globu ya tochi na betri moja, kisha ongeza ya pili. Mkondo hautakuwa maradufu, kwa kuwa uzi ulio ndani ya globu umezidi kuwa moto, na ukinzani wake umepanda.