Mwalimu Aliyebaki Wodini

Katika wodi ya wazazi ya Hospitali ya Embu, hapa Manyatta, si vigumu kumtambua mwalimu wa uuguzi: ndiye asiye na haraka. Wauguzi wa zamu wanapita mbio. Yeye amesimama kando ya kitanda na wanafunzi wawili watatu, mkononi ana fetoskopu, ile pembe fupi ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

Anamwamkia mama na kumwomba ruhusa. Anasugua viganja vipate joto, kisha anapapasa tumbo taratibu kujua mgongo wa mtoto umelalia upande gani, maana huko ndiko moyo husikika vizuri. Anaweka pembe, anatega sikio, halafu anaiachilia. Haishiki tena, sikio peke yake ndilo linaloizuia isianguke, kwa sababu kidole kikigusa pembe huleta mkwaruzo wake. Mkono uliobaki huru unakwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama kuhesabu mapigo yake, moyo wa mzazi usije ukadhaniwa kuwa wa mtoto. Dakika nzima, macho kwenye saa. Akiinuka hataji hesabu aliyoipata. "Haya, sikiliza wewe," anamwambia mwanafunzi, na kumpisha. Kijana akisema 130 kwa sauti ya kubahatisha, anarudishwa asikilize upya. Inajulikana kwamba mtoto hupiga kati ya 110 na 160, na mwalimu huyu anajua namba ya kukisia inavyotamkwa.

Pembe hiyo ilibuniwa na Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na haihitaji umeme wala betri. Siku hizi kuna mashine inayoonyesha namba yenyewe. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mwanafunzi anayeinakili namba ile bila kumgusa mama, na zaidi na aliyemfundisha.

Si kwamba pande hizi za Mlima Kenya zimekosa shule. Chogoria, alikoanzisha hospitali mmishonari wa Kiskoti, Dkt. Clive Irvine, mwaka 1922, wauguzi wamefundishwa kwa miaka mingi. Vivyo hivyo kwa Wakatoliki wa Consolata kule Nkubu na Kyeni. Mjini Embu kuna tawi la KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu kilichoanzia Nairobi mwaka 1927, na Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati yake mwaka 2016.

Muuguzi anayetaka ualimu katika vyuo kama hivi ataambiwa asake digrii, kisha uzamili, kisha uzamifu, na katikati achapishe makala. Ni sawa, mwalimu asiyesoma ataishia kufundisha yaliyokwisha kuachwa. Lakini tazama anavyopanda cheo. Kila cheti kipya kinamtoa wodini na kumpeleka kwenye mikutano na projekta, hadi siku anayoitwa mtaalamu wa uuguzi hakumbuki mara ya mwisho alipomgeuza mgonjwa kitandani. Ndiko huko kufaulu kunakosifiwa katika hafla za mahafali.

Aliyebaki kando ya kitanda hasifiwi na mtu. Darasa linazidi kujaa, naye ni mmoja. Mahali pengine vitabu vya mazoezi ya wodini husainiwa rundo zima siku ya Ijumaa, na mtu ambaye hakuwapo sindano ilipochomwa. Kwa saini hizo kijana atafika kwenye mtihani wa Baraza la Wauguzi, atapata leseni, na huenda akapangiwa kituo kidogo kule juu ya Kianjokoma, karibu na msitu. Usiku stima ikipotea na mama ana uchungu, atakuwa na pembe, saa na sikio lake, basi.

Wakuu wa vyuo, mnapokaa kumpandisha cheo mwalimu wa uuguzi, msiishie kwenye vyeti na makala. Ulizeni pia amesimama wodini kwa saa ngapi mwaka huu, na wanafunzi wangapi amewarudisha wasikilize upya.