Siri ya Mtungi: Nafasi ya Biti Kocho katika Usomaji wa Utengano

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), ilipata kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na hivyo ikasomwa na vijana wa Kitale na Bungoma sawa na wenzao wa Mombasa. Makala haya yanakusudia kuuliza kama tumeisoma vema pale inapozungumzia kipigo cha nyumbani.

Uhakiki uliozoeleka humweka Bwana Maksuudi upande mmoja na Tamima upande wa pili. Mume ni dhalimu, mke ni mdhulumiwa. Mwanafunzi huorodhesha sifa zao chini ya kichwa cha "nafasi ya mwanamke", na mjadala ukaishia hapo. Uhakiki huo ni wa kweli, lakini una upungufu mmoja mkubwa: humsahau mtu wa tatu. Tamima, mwanamke wa kutawishwa, anaposhikwa na uchungu wa uzazi, ni Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, anayemleta mkunga Farashuu bila ya idhini ya bwana. Maksuudi anarejea, anampiga mkewe na kumpa talaka.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba ile ni Biti Kocho. Mwandishi hakumpa cheo wala mali. Amempa kujua na kuthubutu. Wala hakuupamba msaada wenyewe. Farashuu ana kinyongo chake cha zamani dhidi ya Maksuudi, na anayelipa gharama ni Tamima. Hapo ndipo penye funzo chungu la riwaya hii: aliyesaidiwa leo, asipokuwa na pa kwenda kesho, hajaokoka.

Funzo hilo lina uzito katika Bungoma na Trans Nzoia, kama lilivyo nalo kwingineko. Jirani asikiaye kilio usiku mara nyingi huambiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Lakini methali hiyo huwahusu ndugu wenye nguvu zilizo sawa, ambao kesho watapatana. Kuitumia kwa mke anayepigwa ni kuipotosha, kwa maana huyo hagombani, anaumizwa.

Sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani imeukataa usemi huo wa "mambo ya ndani". Inahesabu kuwa ukatili si kipigo tu, bali pia vitisho, dhuluma ya kiuchumi, kuingiliwa na wakwe na kurithiwa mjane kwa nguvu. Tena inamruhusu mtu mwingine mwenye sababu ya kushuku kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Kwa maneno mengine, Biti Kocho ametambuliwa na sheria kabla hajatambuliwa na wahakiki.

Kwa kuhitimisha, mwalimu wa fasihi wa Kitale au Bungoma hana haja ya kuigeuza riwaya kuwa hotuba. Swali moja linatosha: ungekuwa Biti Kocho, asubuhi ile ungempeleka Tamima wapi? Darasa litakalolijibu litalazimika kutaja hospitali, fomu ya P3 inayojazwa na daktari, kituo cha polisi, mahakama, na nyumba ya mtu aliye tayari kumpokea. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo riwaya inalotuuliza.