Beni: sare tunaziona, mfuko je?



Nimekisoma upya kitabu cha Terence Ranger kuhusu beni, Dance and Society in Eastern Africa (1975). Kwenye gwaride, sare na vyeo hana mpinzani. Marini na Arinoti unawaona kabisa wakipita barabarani. Lakini vyama vile vilizika watu na kuwaangalia wagonjwa pia, na hapo, kwa maoni yangu, Ranger anapita mbio.

Sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo hapa Umbilo, Durban, tunachanga, kwa hiyo jambo hili tunalijua. Msiba una mwisho: mtu hufa mara moja, gharama inajulikana, daftari linafungwa. Mgonjwa je? Anaweza kulala miezi 8, na nani atathubutu kumwambia basi, zimekwisha? Ndiyo maana vyama vingi huahidi jeneza, kitanda vikakinyamazia.

Waingereza walijifunza kwa hasara. Vyama vyao vingi vya kusaidiana vilimtoza kijana na mzee ada ileile. Wanachama wakazeeka pamoja, wakaugua pamoja, mfuko ukakauka. Mwaka 1850 Henry Ratcliffe wa Manchester Unity alichapisha hesabu za ugonjwa kwa kila umri. Kavu kweli, lakini zinaeleza kwa nini chama kinakufa.

Sasa Arinoti: nani alilipa kiasi gani, akiwa na umri gani, na alipougua alisaidiwa siku ngapi? Kwenye kitabu sikuyaona. Ningebadilisha sura nzima ya magwaride kwa kurasa mbili za mtunza hazina wao.