Nilisikilizwa Vizuri Sana

Kwa nini watu hutii sheria? Si ni kuogopa jela? Tom Tyler anasema hapana, au angalau si sana. Kitabu chake, Why People Obey the Law (1990), kimejengwa juu ya mahojiano ya simu na wakazi 1,575 wa Chicago mwaka 1984. 804 kati yao wakahojiwa tena mwaka mmoja baadaye. Alichokuta ni kwamba watu hutii zaidi wakiamini wenye mamlaka wana uhalali wa kuamuru, na imani hiyo hutokana na jinsi walivyotendewa. Ulipewa nafasi ya kujieleza? Uliheshimiwa? Unaweza kushindwa kesi na bado ukatoka ukisema umetendewa haki.

Namwamini kabisa, na hapo ndipo shida yangu inaanzia.

Nilipoitwa na kamati ya chuo kuhusu deni la karo, nilipewa kiti, nikapewa maji, nikaachwa niongee mpaka nikamaliza. Mwenyekiti aliniita "mwanangu". Kisha nikakabidhiwa barua: hakuna mtihani. Nikasema asante. Asante ya nini, jamani? Rafiki yangu, mwenye deni kama langu, alifokewa na karani pale dirishani, na ni yeye aliyerudi na wenzake kupiga kelele. Mimi nilienda nyumbani kimya.

Sosholojia imezoea kuuliza nani amepata nini: shamba, shule, kitanda cha hospitali. Tyler anaiongezea swali zito zaidi, kwamba yule aliyepata kidogo ananyamaza kwa nini. Kwa hilo tu kitabu kinastahili kusomwa, hata kama zile kurasa za takwimu zinachosha, bana. Lakini mkubwa wa ofisi akikisoma atapata mbinu safi: wape watu maji, wasikilize, halafu fanya ulichokuwa umeshaamua.

Tena, Tyler aliwauliza watu mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Angenipigia jioni ile ningemwambia nimetendewa vizuri, na singekuwa nadanganya. Wiki mbili baadaye nilikaa na huyo rafiki kwenye kibanda cha chapo, tukaweka barua zetu mezani. Zilifanana neno kwa neno. Ni yeye aliyeona tarehe: yangu ilikuwa imeandikwa siku tatu kabla ya kikao.